Sanduku la Nambari Nililolifuta kwa Adabu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya akina mama thelathini na mmoja. Shati nilikuwa nalo. Suruali nilikuwa nayo. Hata lile koti la mtumba ninalovaa ili nionekane mwandishi, nilikuwa nalo. Lakini nimevuliwa, jamani.

Nianze na asubuhi, nikiwa Kitale, heshima yangu ikiwa bado nzima.

Senge yangu, yaani dada ya baba, anakaa Myanga, upande wa Bungoma. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosaga siagi ya njugu na simsim. Miaka yote siagi hiyo imenunuliwa na dalali mmoja, Barasa. Anakuja na pikapu, anafungua chupa, anaonja kwa kidole, anakunja uso, anataja bei yake, anapakia. Senge alichoka na kile kidole. Akawaomba wenzake wampe nafasi moja tu: duka la mtandaoni. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulionyesha. Likifanya kazi, chupa mia mbili zinabaki mikononi mwa kikundi. Likikataa, Barasa anapakia zote, na Senge hana tena la kusema kikaoni.

Na kazi ya kulitengeneza alimpa nani? Mimi. Mtunzi wa riwaya. ("Si wewe hushinda kwa kompyuta?" aliniuliza.)

Kupiga picha za chupa kulikuwa rahisi. Kuandika maelezo kulikuwa raha: maneno mia tatu kuhusu harufu ya simsim ikikaangwa. (Senge alisema mawili yangetosha. "Tamu" na "safi".) Kilichonitesa ni malipo. Kampuni ya kupokea malipo ilitaka cheti cha kikundi. Nikatuma. Ikataka kitambulisho cha mwenyekiti. Nikatuma. Ikakirudisha, eti pembe moja haionekani. Nikatuma pembe. Ikataka picha ya mwenyekiti bila kitambaa kichwani.

"Waambie waje wakivue wenyewe," akasema Senge.

Wiki tatu za kubembelezana na watu nisiowaona! Mwishowe walikubali, pesa ya simu na kadi ya benki, na kitambaa kikabaki mahali pake.

Ukabaki ukurasa wenyewe wa kulipia. Ulikuwa na ukali wa askari wa lango. WEKA NAMBARI YA SIMU. LIPA. Basi! Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa chai. Anakaribishwa, anaketi, anaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Sasa mtu ametoka huko mbali kuja kununua siagi ya Senge, na neno la kwanza ni kumdai nambari? Moyo wangu ulikataa. Nikalifuta lile sanduku la nambari. Nikalifuta na neno Lipa. Mahali pake nikaandika: "Karibu uketi. Nyumba hii ni yako."

Mtambo wa malipo ukagoma. Hauwezi kuomba malipo bila kujua simu ya kuomba. Nikaupa nambari yangu, nikaificha ndani kabisa, nikijiambia ni ya majaribio tu, na kwamba akija mteja, simu yake itajitambulisha yenyewe. (Msiniulize kwa njia gani. Nilikuwa na imani.)

Leo asubuhi nikajaribu kwa mara ya mwisho. Nikanunua chupa moja. Simu yangu ikatetemeka, ikaniomba nambari ya siri, nikaiweka, ikakubali. Nikanunua ya pili. Ikakubali. Ya tatu nilinunua kwa furaha tu. Sijawahi kubuni mhusika mtiifu kama ule mtambo! Nikafunga kompyuta nikiwa sina pesa ila nauli ya kwenda, wala wasiwasi, nikashuka Bungoma.

Ukumbi wa kanisa la Myanga ulikuwa umejaa. Projekta ilikuwa ya kuazima, ya shule ya jirani. Shuka jeupe la Senge lilitundikwa ukutani. Simu yangu ikaunganishwa ili kila mtu alione duka, kubwa, linang'aa, kila chupa imefika urefu wa mtoto wa nasari. Wengine wote walikuwa na kiungo cha duka kwenye simu zao.

Mgeni wa heshima, atakayenunua chupa ya kwanza, alikuwa Mwalimu Wekesa. Amestaafu. Alinifundisha insha darasa la saba, na mpaka leo nikimwona naficha mikono. Barasa naye alikuwa ameegemea mlango, funguo za pikapu zikizunguka kwenye kidole. Kidole kile kile.

Maombi yakafanywa. Nikapewa dakika mbili za kueleza, nikachukua kumi na tano. Nikasema kila njugu imebeba ndani yake mvua ya Mlima Elgon. Nikasema nimekuja kwa gharama yangu mwenyewe, kwa kuwa sanaa haidai nauli. (Ikumbukeni sentensi hiyo.)

"Basi Mwalimu," Senge akasema, "tufungulie."

Mwalimu akavaa miwani, akaisoma simu yake.

"Nimekaribishwa," akasema. "Nimeambiwa niketi. Nimeketi. Sasa nalipa wapi?"

"Bonyeza hapo penye nyumba hii ni yako, Mwalimu."

Akabonyeza. Simu yake ikanyamaza. Yangu ikatetemeka. Na kwenye shuka, kwa herufi za ukubwa wa mbuzi: LIPA SHILINGI 450. WEKA NAMBARI YAKO YA SIRI.

Nikaelewa kila kitu mara moja. Majaribio yote yalifaulu kwa sababu mteja nilikuwa mimi. Mtambo haukuwa unamjua mtu mwingine duniani!

Mtu mwenye akili angesimama akasema ukweli. Mimi nikaona nilipe haraka, kimyakimya, Mwalimu nimweleze baadaye. (Kimyakimya! Mbele ya shuka la kitanda cha sita kwa sita!) Nikaweka nambari ya siri.

SALIO LAKO HALITOSHI. UNA SHILINGI 38.

Akina mama waliusoma ujumbe huo kwa pamoja, polepole, kwa ile sauti wanayosomea zaburi.

"Ngapi?" akauliza mmoja wa nyuma, asiye na miwani.

"Thelathini na nane!" akajibiwa na safu nzima.

Kumbe wengine nao walikuwa wameshaanza. "Mimi nimefinya, lakini simu yangu haisemi kitu," akasema mama mmoja. "Finya tena, bana." "Nimefinya mara nne!" Yangu ilikuwa inasema. Ilitetemeka mpaka ikaanza kutembea mezani. Lipa 450. Lipa 450. Lipa 900. (Nani huyo alitaka mbili?) Nikaichukua niizime, na hapo ndipo ujumbe wa mama yangu ulipoingia na kutanda shuka zima:

"Nimekutumia mia mbili ya nauli ya kurudi. Usinunue vitabu."

Huo pia waliusoma kwa pamoja.

Kulikuwa na kicheko, sitaki kukielezea. Juu yake ikapanda sauti ya Barasa: "Mama mwenyekiti, nipakie, ama sinema bado inaendelea?"

Kicheko kikakatika. Mama wawili wakaanza kuangalia chupa zilizopangwa ukutani, kama watu wanaoaga. Senge hakumtazama Barasa. Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Mtoto wa ndugu yangu," akasema, "tengeneza."

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu, kama zamani. "Sanduku la kuweka nambari ya simu liko wapi?"

"Nililifuta, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Niliona si adabu kumuuliza mgeni nambari kabla hajaketi."

Akavuta pumzi ndefu. "Kijana, hata hospitali wanakuuliza jina kwanza, na huko umeenda ukiumwa. Andika: Weka nambari ya simu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Chini yake andika: Lipa."

"Lipa tu?"

"Lipa tu! Umeshaketisha watu vya kutosha."

Nikaandika, kompyuta magotini, akina mama thelathini na mmoja wakinipumulia shingoni. Nikaitoa nambari yangu kule nilikoificha. Nilipomaliza, Barasa alikuwa amefika mbele, simu mkononi.

"Ngojeni niwaonyeshe vile hii kitu haifanyi kazi kabisa," akasema. "Mtu asiseme nimewaonea. Naweka nambari, haya. Nafinya Lipa, haya. Mnaona? Ati duka..."

Simu yake ikalia.

Akaitazama. Akatutazama. Hakuwa na njia ya kurudi, watu wote wanamwona. Akaweka nambari ya siri, kwa kidole kile kile, na simu ya Senge, inayopokea taarifa za malipo ya kikundi, ikaitika. Senge akauinua ujumbe mbele ya uso wake, akausoma peke yake safari hii, kwa sauti ya mwenyekiti: "Barasa amelipa shilingi mia nne na hamsini."

Yeye hutulipa mia na hamsini kwa chupa. Tangu kikundi kianze, leo ndiyo mara ya kwanza Barasa kununua kwa bei yetu. Vigelegele vilivyopigwa vilitikisa shuka. Senge akamkabidhi chupa yake kwa mikono miwili, akamwambia, "Hii usionjee hapa. Ni yako. Nenda nayo."

Pikapu iliondoka Myanga na chupa moja. Mimi nimefika Kitale kwa nauli ya mama.

Sasa naomba asicheke mtu. Na kama ni lazima ucheke, kiungo cha duka nimekiweka hapo chini: kuna sanduku la nambari, kuna neno Lipa, na hakuna atakayekuambia uketi.