Asali ya Mguu wa Mzee M'Ikiara

Wenzangu tuliosomea udresa pamoja, leo nimejiaibisha mbele ya wazee watano na msichana mmoja. Natamani handaki tulilochimbishwa kuzunguka kijiji linimeze. (Nilisaidia kulichimba, najua kina chake kinanitosha.)

Ni hivi. Mzee M'Ikiara alikatwa na sururu mguuni tulipokuwa tukichimba handaki hilo hilo. Kidonda kimeoza. Sanduku langu la dawa lina pamba, chumvi na kufuli. Na mimi ndiye dresa, mtibu vidonda wa kijiji kizima, jamani! Nikabaki na yale tuliyofundishwa na yule dresa mzee: osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, paka asali, funga kitambaa safi. Asali hunyonya maji ya kidonda na vijidudu hukosa pa kuishi. Nimeshaona mkono wa mtoto aliyeungua ukipona hivyo. Mguu wa mzee bado unaweza kupona, lakini ukiachwa siku chache zaidi utakatwa.

Asubuhi nikaomba pasi ya kutoka kijijini. Karani akauliza sababu ya safari. Nikaandika "dawa". Sokoni Githongo nikapata kibuyu kimoja tu cha asali, kwa mama mmoja wa Tharaka. Kilikuwa cha mwisho.

Kurudi, homugadi, askari anayelinda lango dhidi ya wapiganaji wa msituni, akakifungua.

"Hii unapelekea watu ya msitu?"

"Ni ya kwa Mzee M'Ikiara."

Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. (Ukaguzi wa pili.) Kisha akachekelea. "Asali? Kwa M'Ikiara? Kumbe dakitari unaoa Karimi!"

Kwetu Meru mwanamume hapeleki kibuyu cha asali kwenye nyumba yenye msichana, kama Karimi binti wa mzee, hivi hivi tu. Ni posa. Nilipaswa kusema hapana. Nilisema, "Nipishe, bwana." Halafu nikapitia kwangu kunawa uso na kuchana nywele. (Kuchana nywele, kwa ajili ya kidonda!)

Nilipofika, habari zilikuwa zimenitangulia. Wazee wanne wameketi. M'Ikiara mwenyewe amevaa koti, mguu ameufunika kwa gunia, na harufu imejaa nyumba.

"Mwanangu," akasema, "kumbe ulikuwa na neno na hukusema. Karibu."

Akacheka. Tangu mwanawe apelekwe kizuizini sikuwahi kumwona akicheka. Nikajiambia, usimharibie mzee furaha yake. (Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa sababu nampenda Karimi tangu mwaka jana na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumwambia.)

Kibuyu kikazunguka. Hakuna aliyeonja kitu kitamu tangu tuhamishiwe hapa, na wazee walilamba vidole mpaka kwenye vifundo. Mgonjwa wangu akala dawa yake mwenyewe, akamwomba Mungu anibariki! Nami nikajibu, "Asante, baba."

Ndipo Karimi akaingia na beseni la maji ya chumvi na kitambaa safi. Nilimwambia jana aviandae.

Akatazama kibuyu. Akakipindua. Halikutoka hata tone.

"Na mguu wa baba?"

"Mguu umefanya nini?" akauliza mzee mmoja.

Nikaeleza kwamba asali ilikuwa dawa ya kidonda. Wazee wakaangalia vidole vyao. M'Ikiara hakunitukana. Alivua koti polepole, akalikunja, akaliweka kando. Afadhali angenipiga.

Karimi akakivunja kibuyu, akakwangua vipande kwa kijiko. Akapata asali ya kupaka nusu ya kidonda. Tukaufunga mguu pamoja bila kutazamana. Mlangoni nikajaribu kuomba msamaha.

"Ungesema tu ni ya mguu," akaniambia. "Mimi ningekungoja. Mguu haungoji."

Nimelia, sifichi.

Kesho naomba pasi ya kwenda mpaka Tharaka kwenyewe, asali inakotoka. Karani akiuliza sababu, nitaandika "mguu", kwa herufi kubwa, na kibuyu nitakiandika "mguu" pia. Msinicheke. Na wewe bwana unayefungua barua zetu kabla hazijafika, usicheke vilevile, maana hiyo pasi nayo inapitia mezani kwako.