Elhaji, Kunde na Farasi Namba Kumi na Nne

Haya nimeyapata kwa Tasere mwenyewe, Ramadhani iliyopita, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anachambua kunde za futari. Kila alipotia chumvi kwenye maneno yake, Mama Zerbo, mwenye kunde, alikohoa kule jikoni, naye akarudi nyuma akasema upya. Kwa hiyo ninachowapa ni kile kilichobaki baada ya kikohozi.

Siku hizo Tasere hakuwa mchambua kunde wa mtu. Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, mkoba mweusi begani, kiti chake chini ya mwavuli kando ya kibanda cha kamari ya farasi, pale Gungin, mjini Wagadugu. Farasi wenyewe wanakimbia Ufaransa. Hakuna mwanamume wa Gungin aliyewahi kumgusa hata mmoja mkia, lakini wanawajua kwa ukoo kuliko wanavyowajua wajomba zao. Huyu mama yake aliwahi kushinda kwenye matope, yule hapendi upepo, yule mwendeshaji wake kaachwa na mke.

Tasere aliuza ubashiri. Alimwita mtu pembeni, akamnong'oneza namba za farasi, akapokea chochote, kisha akamshika mkono.

"Kaka, usimwambie mtu. Farasi hawapendi kusemwa. Siri ikitoka, anajikwaa."

Kila mtu alinong'onezewa namba zake tofauti, na kwa vile wote walikatazwa kusema, hakuna aliyegundua. Katika watu wengi hivyo, hakosi mmoja wa kupata. Huyo alirudi na fungu la kumi na mbuzi wa shukrani. Aliyekosa akija kulalamika, Tasere alimtazama usoni kwa huzuni kama daktari.

"Ulimwambia nani?"

Mtu akainamisha kichwa. Alimwambia mkewe. Au shemeji yake. Jamani, yuko wapi mtu ambaye hajamwambia mtu? Wakaenda zao wanaomba radhi.

Shida yake ilikuwa moja tu. Alimtaka Bibata, na mjomba wa Bibata, mzee Yamba, alikuwa mgumu kama kiazi kikuu cha mwaka jana.

"Kijana, sina neno nawe," mzee alimwambia. "Ila nionyeshe kazi yako. Sitaki kuhadithiwa, nataka niione kwa macho haya. Tabaski, Idi ya kuchinja, ikifika sijaiona, Bibata anaolewa na karani wa mizani kule Kudugu."

Tasere alitafsiri kwa namna yake: mzee anataka pesa. Kwani umewahi kumwona tajiri akiulizwa anafanya kazi gani? Hapo ndipo alipokosea, lakini tusikimbilie mwisho.

Basi Alhamisi moja asubuhi akamwona Elhaji Nufu, mwenye duka la saruji, anapita mbele ya kibanda. Akapita. Akarudi, eti anatafuta kivuli. Akapita tena, eti amesahau kivuli kilipo. Mtu asiye na haja hapiti mahali mara tatu. Tasere akasogeza mwavuli.

"Karibu, Elhaji. Jua la leo halina adabu."

"Mimi napita tu." Elhaji akakaa. Kwenye benchi mafundi walikuwa wanasimuliana yale yale ya kila siku. Bukari wa tairi aliwahi kupata farasi wote watano kwa mpangilio wao, mkewe akafua suruali pamoja na tiketi. Suruali anayo mpaka leo, haivai, ameitundika ukutani. Na marehemu Sibiri alicheza tarehe walizozaliwa watoto wake, akanunua fahali, akampa jina la farasi aliyemshindia. Fahali akafa mzee kuliko Sibiri. Elhaji alisikiliza, tasbihi imesimama mkononi.

"Hivi," akauliza kwa sauti ya chini, "ni watu gani wanaocheza michezo hii ya ovyo?"

"Wengi, baba. Wenye bahati huwa hawaonekani. Mtu wa heshima, aliyekwenda Maka, hawezi kusimama kwenye foleni na mafundi tairi. Anakuwa na mtu wake wa kumsimamia."

Tasbihi ikasogea punje moja.

"Nina binamu yangu," Tasere akaendelea, "anasafisha mazizi kule kule Ufaransa. Samadi ya farasi, Elhaji, haijui kusema uongo. Ameniambia ya leo. Sijamwambia kiumbe."

Mtego ulikuwa hapo. Mwenye haja ya kujificha hawezi kwenda mwenyewe kibandani, hawezi kuomba kuona tiketi hadharani, na akipoteza hawezi kulia. Tasere angepokea pesa, asinunue tiketi hata moja, pesa zibaki mkobani. Sharti lilikuwa moja tu: farasi atakaowataja wasishinde kabisa. Wakishinda, Elhaji atadai mamilioni, na Elhaji ana wapakizi ambao kila mmoja hubeba mifuko miwili ya saruji kichwani akipiga mluzi.

Kwa hiyo Tasere akawachagua kwa uangalifu, kama mtu anayechagua mayai viza. Akamchukua namba tisa, anayekohoa. Akawachukua tatu na kumi na moja, ambao gazeti la mbio halikuwaandikia hata mstari. Akamchukua kumi na sita, mwenye goti bovu. Na kileleni akamweka kumi na nne, jike mzee ambaye jina lake kwa lugha yao ni kama kusema Asali ya Shambani, na aliyekuwa anakimbia kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafu. Mpangilio aliomnong'oneza Elhaji ukawa: kumi na nne, tatu, kumi na sita, tisa, kumi na moja.

Adhuhuri faranga laki tano za Elhaji zilikuwa kwenye mkoba mweusi, naye amerudi dukani kwake. Tasere tayari alikuwa anajiona na kola za posa mapajani, zile kokwa chungu zinazopelekwa ukweni, mzee Yamba anacheka mpaka jino la mwisho.

Alasiri Tasere na mafundi wakakaa kwenye redio ya kibanda. Mbio za siku hiyo zilikuwa zile za vigari, ambamo farasi lazima aende mwendo wa haraka bila kuruka. Akichomoka shoti, hata kama anaongoza, anaondolewa. Mtangazaji akaanza vizuri tu. Kisha kwenye kona ya kwanza farasi wawili waliopendwa na ulimwengu mzima wakagongana vigari, wa tatu akawaparamia, na nyuma yao, polepole, kama wanawake wanaotoka sokoni, wakaja wale mayai viza.

"Kumi na nne," redio ikasema. "Tatu. Kumi na sita. Tisa. Kumi na moja."

Hakuna mtu aliyecheza namba hizo. Mafundi wakachana tiketi zao, na Tasere, ambaye kila siku huwaambia watu, "Msichane, subirini matokeo yathibitishwe," akainuka bila kusubiri kitu chochote. Kiatu kimoja kikabaki chini ya mwavuli. Akarudi kukitafuta, hakukiona, akaondoka na kimoja.

Kukimbia mji hakukuwezekana. Duka la saruji linatazamana na kituo cha mabasi. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Kando ya kibanda, chini ya bati lililotoboka, Mama Zerbo anauza wali na kunde. Mama Zerbo ni Msamo. Tasere ni Mmosi. Hao ni watani tangu enzi za mababu: Msamo humwita Mmosi mtumwa wake, Mmosi humwambia Msamo amekula kichwa cha mbwa, na wote hucheka. Lakini utani una sheria zake. Mtani hakasirikiwi. Na Wamosi wawili wakigombana, Msamo akaingia katikati akasema basi, inakuwa basi, hata kama ngumi iko hewani.

"Mama, nifiche."

Mama Zerbo alikuwa anakoroga, redio yake ndogo iko sikioni kwa kamba. Akamtazama mguu.

"Mtumwa wangu, siku hizi unavaa viatu kwa zamu?"

Akamweleza yote, na kwa mara ya kwanza tangu aache kunyonya hakuongeza neno. Elhaji, mkoba, tiketi ambazo hazikununuliwa, farasi waliokataa kushindwa.

"Elhaji ni Mmosi," akamaliza. "Wewe ukimwombea, hawezi kukukatalia. Mrudishie pesa zake, mwambie mimi mtoto, nimekosa. Nisipopona hapa, Bibata ni wa mtu wa mizani."

Mama Zerbo akatoa redio sikioni. Akaonja kunde kwa ncha ya mwiko.

"Lete huo mkoba. Ingia stoo, nyuma ya magunia. Na usipige chafya, kunde za mwaka huu zina vumbi."

Akaingia. Pumzi hazijatulia, akasikia makubazi ya Elhaji yanakuja. Benchi likalia.

"Mama, umemwona yule kijana wa mwavuli?"

"Kijana gani? Mimi nina watumwa wengi, na wewe ukiwemo. Keti, unaniziba upepo."

Elhaji akacheka, atafanyaje? Tasere nyuma ya magunia akaanza kusoma aya zote anazozijua, ambazo ni mbili.

"Nilikuwa na ujumbe wake," Elhaji akasema, sauti imeshuka. "Mwambie asijifiche, sina kinyongo. Umesikia? Kumi na nne alichomoka shoti karibu na mwisho. Wamemwondoa. Matokeo yamebadilika, pesa yangu imekwenda."

"Pole, mtumwa."

"Pole ya nini? Mama, wote watano. Kwa mpangilio. Kijana aliwajua wote, ni yule jike tu na miguu yake." Tasere akachungulia, akaona Elhaji amesogeza vidole viwili mpaka karibu vigusane. "Nilikosa kwa hivi. Watu wanakosa kwa kilomita, mimi nimekosa kwa hivi. Mwambie Alhamisi ijayo naongeza."

Akala sahani moja, akalipa, akaondoka anatembea kama mtu aliyeshinda.

Tasere akatoka stooni, mweupe kwa vumbi la kunde.

"Mama. Mkoba."

"Upi?"

"Huo uliokalia."

"Ulisema nimrudishie mwenyewe. Mwenyewe amekuja, umemsikia kwa masikio yako, hakudai kitu. Kwa hiyo mkoba hauna mwenyewe." Akawageukia walaji kwenye benchi. "Enyi, kitu kisicho na mwenyewe kikiokotwa kwa Mmosi, ni cha nani?"

"Cha Msamo," benchi likajibu, midomo imejaa.

"Mama, ulijua lini kwamba kumi na nne ameondolewa?"

"Wewe ukiwa bado unatafuta kiatu. Mimi redio nasikiliza mpaka mwisho."

Tasere aende kwa polisi? Polisi angewaambia nini? Kwamba pesa alizoiba zimeibwa? Kukasirika nako hawezi. Mmosi aliyemkasirikia Msamo kwa ajili ya mali atachekwa mpaka kwenye mazishi yake, na Msamo ndiye atakayeongoza kucheka. Akakaa chini. Kisha kicheko kikamponyoka mwenyewe, chembamba, kama mvuke kwenye kifuniko.

"Walau kola, Mama. Kola za posa tu."

"Tutaona. Sahani zile pale, na sabuni iko nyuma ya mtungi."

Akaosha siku hiyo. Akaosha na kesho yake, kwa sababu mkoba ulikuwa bado unaonekana, na mtu huwa haendi mbali na mkoba wake. Mchana Mama Zerbo anapojinyoosha mkekani aliufanya mto. Siku moja Tasere akanyatia, akashika ukanda wake kwa vidole viwili.

"Mtumwa," Mama Zerbo akasema, jicho halijafunguka, "masufuria."

Alhamisi Elhaji akaja na bahasha nene kuliko ya kwanza. Akamkuta Tasere mikono imezama povuni mpaka viwiko. Tasere akaitazama bahasha kwa muda mrefu. Kule jikoni mtu akakohoa.

"Elhaji," Tasere akasema, "farasi wamenikatia maneno. Nadhani ulimwambia mtu."

Elhaji akainamisha kichwa. Alimwambia mke mdogo.

Wiki iliyofuata mzee Yamba alipita kununua kunde za kwenda nazo nyumbani, akasimama. Akayatazama yale mapovu, akatazama sahani zilizopangwa zinang'aa juani, akatazama mikono ya Tasere iliyokunjamana kama ya mtoto aliyezaliwa jana.

"Kumbe," akasema. "Hii naiona."

Kola zilipelekwa na Mama Zerbo mwenyewe kabla ya Tabaski, zimenunuliwa kutoka kwenye ule mkoba. Aliingia kwa wakwe hakubisha hodi, akakalia kigoda cha mzee Yamba.

"Nimekuja kumwozesha mtumwa wangu," akasema. "Ana kasoro nyingi, lakini sahani havunji."

Nani angemkatalia? Pesa nyingine zikawa bati jipya. Na Elhaji, ambaye mpaka leo hajui, kila Ijumaa hupakuliwa sahani na kipande kikubwa cha samaki, bure. Anafikiri Mama Zerbo ana roho nzuri. Mama Zerbo anasema anamlipa, na Mungu akimpa Elhaji umri mrefu, deni litakwisha.

Siku ya kola, baada ya kula kwa Mama Zerbo, joto liliwaangusha wote chini ya bati jipya. Mzee Yamba akalala kwenye benchi, kofia usoni. Elhaji akalala mkekani, vidole viwili bado vimekaribiana. Bibata aliegemea nguzo, akasinzia. Tasere alipigana na usingizi, macho kwenye mkoba, mpaka ukamshinda, akakoroma ananuka sabuni. Alibaki Mama Zerbo peke yake, redio sikioni, anasikiliza mbio za siku hiyo. Wakatangazwa washindi, hakutikisika. Akasubiri mpaka mtangazaji aliposema sasa yamethibitishwa. Ndipo akaizima, akarekebisha mkoba chini ya kichwa, akalala.