Uzinduzi wa Barabara Isiyo na Serikali

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Kutosimamiwa, ambaye ni mimi, Wendell Thurlow. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kufuta Kamati. Wenye mashamba, wenye mageti, wenye mbwa. Ndugu wananchi, samahani, ndugu msio wananchi wa mtu yeyote, hapa Ambrose Hollow na jimbo zima la New Hampshire, uhuru hoyee! (Hoyee hafifu. Watu wanakung'uta theluji kwenye buti.)

Mtakumbuka kwamba kwenye mkutano wa mji, Machi iliyopita, mlinyoosha mikono wenyewe mkaifuta barabara ya mji, maana tulikuwa tunaambiwa eti kuna mkataba wa jamii, mimi nikauliza, nani aliutia saini, bibi yangu? (Vicheko.) Ardhi ikarudi kwa wenyewe, wa kushoto mpaka katikati ya barabara, wa kulia mpaka katikati, kila mtu akasimika geti, na huo ndio mpaka pekee halali duniani, kwa sababu mpaka wa serikali ni mstari tu wa kalamu, lakini geti la Caleb Dunmore lina kufuli! (Caleb: "Na mbwa!")

(Lorna Pettengill, kutoka nyuma: "We Wendell, gari gani linapita kwenye nusu barabara? Caleb na Ezra wa nusu ya pili hawasemezani tangu Krismasi! Binti yangu ana uchungu, yuko kwangu hapo juu, gari la wagonjwa lipite wapi?")

Swali zuri sana, mama, nimelipokea. Projekti yetu ya Barabara Huru, yenye vizioni, frimuweki na mastekiholda, ni ya hiari tupu, na utafiti wetu unaonyesha asilimia tisini na sita wanaunga mkono kupita kwenye ardhi ya jirani, ingawa ni asilimia mbili tu wanaokubali kupitiwa kwao, jambo linalotia moyo mno! (Makofi.)

(Ezra: "Lipite kwangu, sina neno!" Caleb: "Kwa tairi mbili, mzee? Kwangu halikanyagi." Lorna: "Caleb, fungua geti, mwanangu anaumia!" Caleb anatazama buti zake: "Ezra aniombe kwanza." Ezra: "Nikuombe wewe? Thubutu!")

Tusilazimishane, jamani! Leo tukimlazimisha Caleb, kesho tutakuwa na mfalme! Mtoto huyo atazaliwa huru kabisa, hajasaini kitu!

(Lorna anatoka akibamiza mlango. Wanaume sita wanamfuata na sledi, kile kitoroli kisicho na magurudumu cha kuburuta kuni juu ya theluji.)

Naona mnatoka, na hiyo ni haki yenu. Geti langu, nchi yangu! Barabara Huru idumu! Nawashukuru sana ninyi mnaokwenda kumburuta binti wa Lorna kupitia msituni, kwa kuwa barabara niliyokuja kuizindua haipo, haijapimwa wala haijachorwa. Ila mkishafika kwenye lami ya serikali hamtapata shida, wameshaondoa theluji yote tangu asubuhi. Najua, ndiko ninakoishi.