Uzinduzi wa Lango la Chuo Kikuu Chenye Jina la Mji Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni shemeji yangu lakini alipatikana kwa ushindani wa haki. Waheshimiwa wajumbe mliokaa kivulini. Viongozi wa dini zote. Wazee wetu, akina mama wa soko, vijana wa gereji, na ninyi wananchi wa kawaida kabisa mliosimama juani tangu asubuhi kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Shemeji anapiga akiwa amesimama.)

Ndugu wananchi, mji wetu ni mdogo. Una barabara moja ya lami, na hiyo lami nayo inakata tamaa pale kwa muuza mkaa. Lakini leo mji huu umepata chuo kikuu kinachobeba jina lake lile lile, na kwa mujibu wa mastaplani, mji na chuo vikishea jina, basi vinashea pia rasilimali, miundombinu na nguvukazi. Maana yake nini? (Sauti: "Hatujui.") Maana yake mkazi wa mji ni mwanafunzi wa chuo, awe anajua au hajui. Wataalamu wetu walijifungia kwenye semina, wakachukua takwimu za sensa, na hadi kufikia asubuhi ya leo udahili umefika asilimia mia moja, ukijumlisha watoto wachanga. (Mtoto analia.) Huyo ni wa mwaka wa kwanza. (Kicheko.)

Wapo wenye midomo yao wanaouliza madarasa yako wapi. Mimi huwa siwajibu, ila leo nitawajibu. Gereji ya nyuma ya stendi ndiyo Kitivo cha Uhandisi. Foleni ya zahanati ndiyo Kitivo cha Tiba, na ninyi mnaokaa pale tangu alfajiri mmekuwa mkifanya utafiti shirikishi bila kujitambua. Soko ni Biashara na Uchumi. (Muuza nyanya: "Na mimi ni nani?") Wewe, dada yangu, ni mhadhiri mwandamizi. (Kicheko. Muuza nyanya hacheki.)

(Sauti ya mwanamke: "Na bweni?")

Nani huyo? Aa, fundi cherehani wetu. Ndugu zangu, mama huyu ni stekiholda wa kwanza wa mradi. Tulipohitaji eneo la lango kuu, banda lake la ushonaji, ambamo pia alikuwa akilala na binti yake, lilipisha maendeleo asubuhi moja tu. Tukambomolea kuta, tukamwachia matumaini. Naye kwa uzalendo akatushonea pazia hili la uzinduzi, kwa kuwa tulimwahidi nafasi ya masomo kwa binti yake, na kwangu mimi ahadi ni deni. Binti mwenyewe yule pale, amekuja na sanduku lake. (Watu wanageuka kumtazama.) Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami mgeni rasmi nimekuja. Bweni lako, mwanangu, ni nyumbani kwenu, maana mfumo wetu wa kisasa ni wa mwanafunzi kutokea nyumbani.

(Fundi: "Nyumbani kwetu si ndipo uliposimama, Mheshimiwa?")

Changamoto hiyo imepokelewa na itaundiwa kamati. Sasa, kabla sijavuta pazia, mpiga picha asogee huku, na… mama, subiri. Mama, pazia huvutwa na mgeni rasmi. (Fundi ameshavuta. Inaonekana fremu ya mlango wa mbao, imepakwa rangi mpya ya bluu, imesimama peke yake. Nyuma yake ni vifusi, kisha barabara.)

Naam. Tunakushukuru, mama, kwa kuharakisha ratiba. Ndilo hilo lango kuu. Mnaona tulivyobana matumizi: tulibomoa vyote, fremu tukaibakiza, kwani upembuzi yakinifu ulionyesha ni mbao ngumu. Mengine, yaani madarasa, maktaba, maabara na walimu, yako kwenye awamu ya pili, ambayo inasubiri awamu ya kwanza ikamilike, na awamu ya kwanza ndiyo hii. Njoo, mwanangu, pita, usajiliwe. (Binti anapita mlangoni na sanduku lake. Anatokea upande wa pili, barabarani. Anageuka kumtafuta mama yake kwa macho.) Mpigieni makofi. Ameingia na ametoka, tayari tuna mhitimu. (Anapiga makofi shemeji peke yake.)

Tumalizie na kaulimbiu. Nikisema "Mji wetu", mnaitikia "Chuo chetu". Mji wetu! (Kimya.) Mji wetu! (Fundi, taratibu: "Mlango wangu.") Mji wetu! (Gereji, soko na foleni ya zahanati, kwa pamoja: "Mlango wake.")

Nawashukuru wote mliofanikisha chuo hiki, ambacho hata kama hakipo, basi hakipo kwa ushirikiano wetu sote. Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe, mama, mlango wako utauchukua tukishamaliza kupiga picha.