Kampeni Yangu ya Kusafisha Kimalei

Jumatatu, 6 Mei
Ijumaa tunachagua mwenyekiti wa chama cha lugha hapa mjini kwetu Muar. Mwalimu Ramlah amekikalia kile kiti tangu nikiwa na nywele. Safari hii atang'oka! Nimetangaza kampeni mgahawani: Kimalei safi, maneno ya Kisanskriti nje! Wenyewe ni Wahindi wa kale, wako mbali, hawatakuja kulalamika. Makofi!

Jumanne, 7 Mei
Nimeanzia nyumbani. Kumbe "isteri", yaani mke, ni Kisanskriti. Nikalifuta. Nikamwita Salbiah "bini", neno letu la asili. Tatizo: siku hizi ni neno la wahuni. Akauliza nimemwita nani. Nikarudia, kwa sauti. Chakula cha jioni: biskuti. Kitanda: sebuleni.

Jumatano, 8 Mei
Nimeandika hotuba. Neno letu la "lugha" lenyewe ni Kisanskriti. La "jina" pia. Hata la "neno"! Nimefuta, nimefuta. Yamebaki maneno ya samaki, wali na mvua. Fupi, lakini inasisimua.

Alhamisi, 9 Mei
Mwalimu Ramlah kaja na vikeki vya nazi. Kanieleza kwa upole kwamba hata "saya", yaani mimi, limetoka huko huko. "Mwanangu Kamarul, utajifuta mwenyewe." Anaogopa! Nimekula vikeki vyote. Kesho nitasema "aku".

Ijumaa, 10 Mei
Maafa. "Aku" ni mimi ya kuongea na rafiki, au na mbuzi. Nimeitumia kumsalimu Haji Jamhari, mzee wetu, ukumbi mzima ukisikia. Akauliza kama nimelewa. Kisha wakataka niwaambie kwa nini wanichague. Nijibuje? "Kerana", yaani kwa sababu, nalo ni Kisanskriti! Nikasimama mdomo wazi, jasho linanitoka. Haji akawaambia walio karibu, "Jamani, mpeni maji huyu, hali si nzuri." Kura zikapigwa kwa kunyoosha mkono. Nilipata ya kwangu. Salbiah alimnyooshea Ramlah mikono yote miwili.

Jumamosi, 11 Mei
Tangu alfajiri namwita Salbiah isteri, isteri, isteri. Wali nimepewa. Tabasamu bado.
Nimetafakari sana. Kosa limeonekana: nilichagua lugha isiyofaa. Kisanskriti watu wameshakizoea. Mwakani nitaondoa maneno ya Kiarabu. Nitaanzia msikitini, kwenye hotuba ya Ijumaa. Imamu ni mtu mwelewa.