Vigelegele Vitano vya Shangazi Watiri

Jumatatu, 27 Mei 1968
Bwana Wamae, mwenye bendi ya jazz huko Nairobi, anakuja Nyeri Jumamosi kuchagua mwimbaji. Mmoja tu! Ni mimi au Magdaline, tunayeimba naye hapa hotelini. Magdaline ana sauti, sikatai. Mimi nina akili. 

Jumatano, 29 Mei
Magdaline anafanya mazoezi kutwa na kunitabasamia. Nyoka! Mimi nimekwenda Endarasha kwa Shangazi Watiri. Nimemwomba aje na wamama wa kanisa lake. Nikianza kuimba, wapige vigelegele kwa nguvu zote. Anayeshangiliwa ndiye huchukuliwa. Akauliza kama kuna pombe. Nikasema kuna chai. Chai ipo.

Ijumaa, 31 Mei
Sijalala. Je, wasipokuja? Je, wakija? Nimekunywa mayai mabichi ya kulainisha koo. Yamerudi.

Jumamosi, 1 Juni
Sikukuu ya Madaraka, ukumbi umejaa. Wamama wakafika, wakanusa, wakasimama mlangoni. Shangazi akasema, "Kabura, hii nyumba iko na pombe. Sisi tumeokoka, hatuingii." Lakini ahadi ni deni, watapigia nje, nyuma ya jikoni. Nikaona sawa. Kelele ni kelele.

Nikapanda jukwaani. Nikafungua mdomo. Huko nje, vigelegele! Kimoja, viwili... vitano! Vitano, ambavyo kwetu ni vya kupokea mtoto wa kiume! Mzee mmoja akaruka, ati mke wa mpishi amejifungua. Ukumbi mzima mbio nje kumwona mtoto, Bwana Wamae mbele. Nikabaki nikimwimbia mpiga ngoma. Naye akatoka.

Nje hakuna mtoto. Watu wakaanza kununa. Magdaline akawaanzishia wimbo wa kupokea mtoto hapo hapo, bila gitaa wala maikrofoni. Wamama wakaitikia, na Shangazi yangu wa damu akacheza mbele! Bwana Wamae akamwambia Magdaline afunge mizigo. Nimelia jikoni. Mpishi, ambaye hana hata mke, akanipa chai.

Jumapili, 2 Juni
Magdaline ameondoka. Amenikumbatia, na nimeumia zaidi. Nimewaza usiku kucha kosa lilikuwa wapi, na nimelipata! Mwisho wa mwezi kuna bendi inakuja Sagana kutafuta mwimbaji. Nimemwambia Shangazi safari hii wapige vigelegele vitatu tu, vya msichana. Kwa msichana watu hawatoki mbio.