Kope Zangu na Gundi ya Pancha

Jamani, leo nimepatikana. Tena mbele ya wakwe! Nawaandikia jicho moja linatoa machozi, kwa hiyo herufi zikikosewa mnivumilie.

Ni hivi. Saa nne asubuhi wageni walikuwa waje kutoka Kibondo mpaka hapa nyumbani Kasulu, kunitazama. Mchumba wangu Elia alishanionya: kwao wote ni watu wepesi, ila shangazi yake. Shangazi akisema hapana, hakuna ndoa. Nikaona nisilete mchezo. Gauni nilishashona, nywele nilishasuka. Zikabaki kope. (Kope zangu zimelala kama majani ya maharage jua likiwa kali.)

Juzi nilipita sokoni kwa dada mmoja anayeuza vipodozi. Akanifundisha vizuri kabisa: "Chagua kibanio cha kukunjia kope chenye mpira laini, na uinamo wake ulingane na jicho lako. Unabana kabla ya kupaka wanja. Unahesabu mpaka kumi, unaachia." Akanitolea cheusi, kizima. Mimi macho yakaangukia cha rangi ya dhahabu.

"Hicho mpira wake umetoka," akasema. "Chuma kitakukata kope."

Nikamwambia nipe hicho hicho. (Mtu anayependa vya kung'aa ana dawa?)

Leo asubuhi nikaingia kwenye ufundi. Baba ana vifaa vyake vya kuzibia pancha za baiskeli. Nikakata ukanda mwembamba wa tyubu kuukuu, nikaupaka gundi ya pancha, nikaubandika kwenye kibanio. Safi! Sasa, kila aliyekulia huku anajua gundi ile unaiacha ikauke kwanza. Hata mimi najua. Lakini nikasikia bodaboda zinaingia uani na wageni kutoka stendi.

Nikabana jicho la kulia. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Nikaachia.

Hakikuachia.

Nikavuta kidogo. Mamaaa! Kope zote zimenasa kwenye gundi iliyovuja pembeni mwa ule mpira.

"Neema!" mama akaita kutoka sebuleni. "Njoo usalimie wageni!"

"Nakuja, mama!" (Nakuja wapi na chuma usoni?)

Nikajitanda kanga mpaka puani, mkono mmoja ndani umeshikilia kibanio, nikatoka nimeinamisha kichwa. Nikamsikia shangazi akimnong'oneza mwenzake, "Ona haya aliyo nayo. Huyu kalelewa."

Nikapata tumaini kidogo. Nikapiga magoti mbele yake. Sasa nyie mnaozijua salamu zetu Waha: mkubwa hasalimiwi kwa mdomo tu, unapiga na makofi taratibu, na makofi yanataka mikono miwili. Shangazi akaanza, "Mwakeye!" huku viganja vyake vikigonga. Akasubiri vyangu. Kimya. Mama akakohoa. Akakohoa tena, safari hii kwa hasira. Basi nikaachia kibanio, nikapiga makofi.

Kanga ikateleza. Kibanio kikaning'inia jichoni, kinayumba, kinang'aa. Na mimi bado napiga makofi!

"Yoo! Mana yanje!" Shangazi akamwita Mungu wake, akaruka kwenye kiti. "Mtoto ana chuma jichoni!"

Elia, aliyekuja nao, akaanza kuhesabu mabati ya paa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Aliyeniokoa ni shangazi huyo huyo. Aliagiza mawese ya uvuguvugu, akanilaza mapajani pake, akawa anapaka kidogo kidogo kwa pamba.

"Tulia, we mtoto. Ulitia nini humu?"

"Gundi ya pancha, shangazi."

Kisha nikasikia tumbo lake linatikisika chini ya kichwa changu. Alicheka shangazi yule mpaka kilemba kikamdondoka.

Kibanio kikatoka. Kope nazo zikatoka nacho, karibu zote.

Baada ya chakula, shangazi akasimama kutoa neno.

"Binti tumempenda," akasema. "Kasalimia vizuri na chuma jichoni, sasa ndoa itamshinda nini? Ila siku ya harusi hatupangi leo. Picha za harusi zinakaa ukutani miaka yote. Tutarudi kope zikiota."

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukoo mzima kule Kibondo unalisubiri jicho langu la kulia. Mwenye dawa ya kuotesha kope aniandikie pembeni, haraka. Na wewe unayecheka, mchango wa harusi yangu kwako ni mara mbili.